Mabua ya Wageni

Kama kuna kitu Twahira alikichukia mwaka ule, ni kibao. Kilisimikwa mbele ya shamba lake pale Kikwe, kimepakwa rangi ya kijani, kimeandikwa kwa herufi nyeupe: USIACHE UDONGO UCHI. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la mradi na majina ya nchi zilizotoa fedha. Jina la Twahira mwenye shamba halikuwemo. Watu waliopita kwenda sokoni Usa walikisoma kwa sauti wakicheka, maana wakati ule si udongo peke yake uliokuwa uchi. Hata watoto walivaa kaptula zenye madirisha nyuma.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa ukame, kabla Elnino haijatushukia na balaa la upande wa pili. Vuli haikuonekana kabisa. Masika ilikuja kama mtu anayenyunyizia nguo maji kabla ya kupiga pasi, ikaondoka. Mahindi yalirefuka, yakatoa magunzi yenye punje za kuhurumia, yakakauka yakiwa yamesimama. Ndipo malori ya msaada yakafika na mahindi ya njano.

Lakini mradi huu haukutaka kumwaga mahindi na kuondoka. Ulitaka mtu achimbe, apande, atandaze, ndipo apewe mgao, ili ukame mwingine ukija umkute ana pa kushika. Kazi hiyo waliiita kilimo cha kudumu. Na hapa tuseme haki, maana hasira isiyosema haki ni kelele tu: Twahira alikipenda. Alijifunza kupima mteremko kwa miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia katikati. Alichimba makingamaji, akapanda migomba ndani ya mashimo, mbaazi kandokando, matete juu ya matuta. Mvua moja ndogo ilipopita mwezi wa tano, maji ambayo miaka yote yalikimbilia mtoni na rutuba yake yalisimama mferejini mwake, yakanywewa na ardhi. Alisimama akiyatazama mpaka chai yake ikapoa. Kaya kumi za kikundi chao zikamchagua mwenyekiti, na aliwahimiza wenzake kwa ukali ambao mumewe, fundi wa magari kule Sakina, alisema ungemfaa zaidi jeshini.

Aliyewafundisha yote hayo alikuwa Dismasi. Zamani Dismasi alikuwa bwana shamba wa serikali, mwenye baiskeli na kofia ya jua. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi naye alipunguzwa, akakaa nyumbani miaka miwili akiuza mafuta ya taa kwa vibaba. Mradi ulipomchukua ukampa pikipiki nyekundu, na Dismasi aliipangusa vumbi kila aliposhuka, hata kama ameshuka kuuliza njia. Ukimwona anavyoipangusa ungejua kwamba mtu huyu ameapa hatarudi tena kwenye vibaba.

Sasa kuna habari ya Koikai. Baba yake Twahira, Mzee Sefu, alitoka Kondoa kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, na walipoondoka akabaki na kipande chake cha ardhi, ndicho alichokuja kukirithi Twahira. Mwaka mmoja ugonjwa wa ndigana uliwamaliza ng'ombe wa jirani yake wa mbugani, mfugaji wa Kimaasai, baba yake Koikai. Mzee Sefu alikuwa na mitamba wawili. Akampa mmoja. Kwa Wamaasai, watu waliopeana ng'ombe hawaitani tena majina ya kawaida. Huitana Pakiteng', yaani wewe ambaye kati yangu na wewe kuna ng'ombe. Wazee wale waliitana hivyo hadi kufa, na watoto wao wakalirithi jina kama wanavyorithi mwiko wa ukoo. Jina lilidumu kwa kuwa uzao wa yule mtamba ulidumu kwenye boma la Koikai.

Na halikuwa jina tupu. Kila mwaka, mavuno yakishatoka, Koikai alileta ng'ombe wake shambani kwa Twahira. Walikula mabua, walilala humo humo ndani ya uzio wa miiba, wakihamishwa kona hadi kona, wakaondoka wakiacha samadi kila mahali. Watoto wa Twahira walikunywa maziwa msimu mzima. Serikali ilipofuta ruzuku ya mbolea na kuwaambia watu sasa ni soko huria, kila mtu ajinunulie, majirani walilia machozi ya kweli madukani. Twahira hakulia. Hakuwa ameshika mfuko wa mbolea tangu aolewe.

Amri ilikuja mwezi wa saba, Dismasi akaisoma akiwa amesimama chini ya kile kibao. Mabua yote yalazwe chini yawe matandazo. Mifugo isikanyage mashamba ya mradi. Shamba litakaloonekana na alama ya kwato, kikundi chote cha kaya kumi kitakosa mgao.

"Na ng'ombe wa Koikai?" Twahira aliuliza.

"Mama Najat, hiyo ndiyo sheria ya kilimo chenyewe," Dismasi alijibu. "Udongo ukivuliwa mabua umekwisha. Wageni wanaotoa fedha wanakuja mwisho wa mwezi wa nane. Wakishaondoka tutaangalia."

Twahira alikubali. Alilaza mabua shambani mwake, mistari imenyooka, na siku mbili baadaye akaenda kukagua ya wenzake, akamfokea Mama Nathanaeli kwa sababu yake yalikuwa yamekaa ovyo. Kumbukumbu hiyo baadaye ilimchoma kuliko nyingine zote.

Koikai alifika mwanzoni mwa mwezi wa nane. Ng'ombe walitangulia vumbi kwa shida, mbavu nje, wengine wakiinua miguu kama waliokuwa wakifikiri kila hatua. Alisimama nje ya uzio na fimbo yake mabegani.

"Takwenya, Pakiteng'."

"Iko," Twahira aliitikia. "Za huko, Pakiteng'?"

"Za huko zimekufa. Mabua unayo."

"Ninayo. Lakini mwaka huu ni ya mradi."

"Mradi unakula mabua?"

Mwaka mwingine wangecheka wote wawili. Twahira alimweleza amri, kikundi, mgao, wageni. Aliongea haraka na kwa maneno mengi, kama anavyoongea mtu anayejua kwamba anachosema hakina miguu. Koikai alimsikiliza hadi mwisho.

"Wageni wanaondoka lini?"

"Mwisho wa mwezi. Wakigeuza gari tu, nafungua mwenyewe kwa mikono yangu. Wallahi, Pakiteng'."

Koikai aliwatazama ng'ombe wake. Walikuwa wameusogelea uzio, wakivuta harufu ya mabua, na mmoja, wa kahawia mwenye baka jeupe begani, alikuwa tayari amepitisha ulimi kati ya miiba. Huyo alikuwa wa uzao wa mtamba wa Mzee Sefu. Baka lile lilirithiwa.

"Mimi nimekuelewa," Koikai alisema. "Hawa nitawaelewesha vipi?"

Akawapeleka kwenye korongo la mto, palipobaki matope kidogo, akangoja. Hakunung'unika. Wala hakuja kuomba mara ya pili, na hilo ndilo lililomkosesha Twahira usingizi. Kila magharibi alifunga mzigo wa mabua kwenye kanga, akatelemka nao korongoni, akautua mbele ya ng'ombe. Mzigo mmoja kwa kundi zima. Ni kama kulamba chumvi.

Mama Nathanaeli alimkuta njiani na mzigo kichwani.

"Mwenyekiti wetu! Sisi tunatandaza, wewe unalisha?"

"Ni ng'ombe wa Koikai, mama."

"Najua ni wa nani, simchukii. Lakini wasimamizi wakiona umepunguza mabua watasema mifugo imeingia. Mimi nina watoto sita na ule mgao. Ukimlisha Koikai, unamlisha kwa midomo ya wanangu."

Mama Nathanaeli alikuwa amesema kweli. Hapo ndipo ubaya wa amri ile ulipokuwa: ilikuwa imewafunga wanawake kumi kamba moja shingoni, kisha ikawaacha wavutane wenyewe. Twahira alirudi na mzigo wake, akayalaza mabua pale alipoyatoa. Hakwenda tena korongoni.

Ng'ombe wa kwanza alikufa akiwa amelala kwenye matope. Walipofuatana watatu siku moja, Koikai aliwainua waliobaki akawaongoza kupanda upande wa mlima, kuelekea vijiji vya Momela, alikosikia kuna shemeji yake mwenye majani. Wazima hupanda njia ile kwa shida. Siku ya soko pale Usa, Twahira alikuta mtu amepanga ngozi kavu za ng'ombe kando ya njia. Aliipita ya kwanza, akaipita ya pili. Ya tatu ilikuwa na baka jeupe begani. Alisimama mbele yake na kikapu chake mkononi, mwenye ngozi akamwuliza kama ananunua, na yeye akamjibu tusi ambalo hajawahi kulitoa mbele ya watu.

Wageni walikuja kama ilivyopangwa. Magari manne, vumbi, kofia pana. Kikundi kiliimba. Mkubwa wao alikuwa mzee mrefu wa Kizungu, mwenye magoti yanayolia, ambaye watu walisema ameifanya kazi hii ya kilimo cha kudumu kwenye nchi zilizopigwa na njaa na mafuriko tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Hakwenda kwenye kiti alichowekewa. Alipiga magoti katikati ya shamba la Twahira, akainua mabua kwa mkono, akachimbua udongo kwa vidole, akaunusa. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akauliza swali.

Dismasi alijibu kwa Kiingereza, haraka, akitabasamu.

"Anasemaje?" Twahira aliuliza.

"Amefurahi."

"Mtu aliyefurahi hauliziulizi. Anasemaje, bwana shamba?"

Yule mzee alikuwa akimtazama Twahira, akingoja. Dismasi alijikohoza. "Anauliza wanyama wako wapi."

"Wanyama gani?"

"Mifugo. Anasema kwenye kilimo hiki hakuna kitu kinachokaa peke yake. Mti, mnyama, mtu, vyote vinalishana. Anasema mabua haya yamekauka juu ya udongo, hayaozi, hakuna samadi. Anauliza mlikuwa mnapata wapi samadi zamani."

Twahira alihisi masikio yake yakipata moto. "Kwa hiyo amri ya kwato si yao?"

"Mama Najat, tutaongea baadaye."

"Ni ya nani?"

"Ya ofisi."

"Ofisi ni nani, Dismasi?"

Alimwita jina lake tupu mbele za watu, na wanawake wakaacha kuimba. Yule mzee naye alitazama huku na huku, akijua limetokea jambo, asijue ni lipi. Dismasi alimshika Twahira kiwiko, akamsogeza hadi kwenye migomba.

"Ni mimi," alinong'ona. "Niliandika mimi, ofisi ikapitisha. Nilitaka shamba liwe safi. Ng'ombe wakilala humu wanaharibu matuta, wanaacha vinyesi, inzi wanajaa. Hawa watu wanakuja mara moja kwa mwaka. Wakikuta pachafu wanafunga mradi. Mimi nilishapunguzwa kazi mara moja, mama. Sitaki mara ya pili."

Safi! Twahira alikumbuka mwaka Mwenge wa Uhuru ulipopita Kikwe, walivyoamriwa kupaka mawe chokaa barabara nzima, wakati zahanati haina hata panadoli. Alikumbuka shule ilivyomwagia ua maji ya kunywa ya watoto ili mkuu wa wilaya asipigwe na vumbi. Hili ni gonjwa letu wenyewe, hakuna mzungu aliyetuletea. Tukisikia mgeni yuko njiani tunafagia hadi tunafagia chakula. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Dismasi mgeni alikuja ng'ombe wakafa.

"Umeua ng'ombe wa watu kwa ajili ya usafi," Twahira alisema. "Na mimi umenifanya mlinzi wako."

"Nitarekebisha," Dismasi alisema, na tayari macho yake yalikuwa yamewaka. "Sikiliza. Wageni wanalala mjini, wanarudi Jumamosi kwa sherehe. Yule rafiki yako alete ng'ombe wake, hata wachache. Nitawaeleza hii ni awamu ya pili. Nitampa magunia ya mahindi."

"Usimwite Koikai."

"Itamsaidia na yeye."

"Nimesema usimwite. Nitakwenda mimi, kwa miguu, peke yangu. Kuna maneno natakiwa kumwambia kabla hajaona sura ya mtu yeyote wa mradi huu."

Dismasi aliitika kwa kichwa. Lakini kichwa cha mtu mwenye pikipiki huitika kikiwa tayari safarini. Twahira alipomaliza kupanga watoto watakaa na nani, akajifunga kanga kupanda mlima, Mama Nathanaeli alimwambia asijisumbue: pikipiki nyekundu ilishapita alfajiri, na jibu limerudi. Koikai amesema atakuja.

Jumamosi watu walijaa. Palikuwa na kipaza sauti kilichofungwa kwenye betri ya gari, na magunia ya mahindi ya njano yamepangwa chini ya kibao. Twahira alikaa mbele kama mwenyekiti, akamtafuta Koikai kwa macho. Alikuwa amejiandalia maneno. Angemchukua pembeni kabla ya hotuba, angemwambia amekosa, angemwambia habari ya ngozi sokoni, na akitaka kumtukana amtukane mpaka achoke.

Koikai alitokea wakati mgeni wa pili anahutubia. Alikuwa amekonda hata shuka lake lilionekana la mtu mwingine. Hakuwa na kundi. Nyuma yake, kwa kamba, alimvuta ng'ombe mmoja jike, wa kahawia, mwenye baka jeupe begani. Mwingine wa uzao ule, wa mwisho, alikuwa amemfikisha akiwa hai. Watu walimpisha. Dismasi alimkimbilia na kipaza sauti, lakini Koikai alikipita kama anavyopita kisiki, akaenda moja kwa moja hadi kwa Twahira. Twahira alisimama.

"Takwenya," Koikai alisema.

"Iko, Pakiteng'."

Koikai hakuitikia jina. Alichukua mkono wa Twahira, akaufungua, akaweka kamba ndani yake, akaufunga tena vidole kimoja kimoja.

"Ng'ombe wa baba yako huyu hapa, Mama Najat," alisema. "Nimemrudisha."

Katika maisha yao yote Koikai hakuwahi kumwita Mama Najat. Hata Najat alipozaliwa, alipoleta maziwa ya mzazi, hakumwita hivyo.

Makofi yakalipuka. Wageni walikuwa wameona mfugaji akimkabidhi mkulima ng'ombe. Waliinuka vitini, kamera zikalia. Kikundi, kwa mazoea, kikapiga vigelegele. Mama Nathanaeli peke yake hakupiga; alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Msipige makofi!" Twahira alipiga kelele. Alimnyang'anya Dismasi kipaza sauti. "Msipige makofi! Huyu ananikana! Undugu wa baba zetu umekufa hapa, mbele yenu, kwa sababu ya shamba safi! Mwambie huyo mzee, Dismasi. Mwambie neno kwa neno."

Dismasi aliwageukia wageni. Jasho lilikuwa linamtiririka, lakini tabasamu lilikuwa mahali pake. Alisema sentensi mbili za Kiingereza. Twahira hakuwa na Kiingereza cha kutosha, ila neno la asante alilijua, na alilisikia. Yule mzee wa magoti mabovu aliweka mkono kifuani, akamwinamia Twahira kwa heshima. Makofi yakaongezeka.

Alipogeuka, Koikai alikuwa ameshafika barabarani. Magunia yake yalikuwa palepale chini ya kibao, hakuyagusa. Twahira aliangusha kipaza sauti, kikatoa mlio uliofanya watu wazibe masikio. Aliikaza kamba mkononi, akamvuta ng'ombe, akakatisha katikati ya shamba la mradi, juu ya matandazo yaliyonyooka, juu ya matuta ya matete, na kwato zikazama na kuacha mashimo kila zilipopita. Dismasi aliita nyuma yake. Wanawake wa kikundi waliita. Ng'ombe alitaka kusimama ale, akamvuta.

"Pakiteng'!" Twahira aliita alipofika barabarani. "Pakiteng', mchukue ng'ombe wako!"

Koikai alikuwa mbele, fimbo mabegani, akienda kwa mwendo wake ule ule wa siku zote. Ng'ombe alikuwa dhaifu, hakuweza kukimbia, na Twahira hakuweza kumwacha. Aliita tena. Mtu yule alikuwa anasikia, hapakuwa mbali kiasi hicho. Hakugeuka. Twahira alizidi kumvuta ng'ombe, akilia kwa hasira hadi kanga ikamwanguka kichwani, na akaendelea kuliita lile jina.